Kabati la Kumngojea Shemeji

Gerson alizikwa Kongwa, na kabla matanga hayajaanuliwa, kaka yake Mazengo alishakusanya vifaa vyote vya useremala wa marehemu: randa, patasi, misumeno, hata nyundo. Emiliana, mjane, akamfuata hadi kwenye gari.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kazi naye. Nitaishije na watoto?"

"Useremala si kazi ya mwanamke," Mazengo akasema mbele ya waombolezaji. "Hivi ni vya ukoo."

Emiliana alirudi nyumbani Nzuguni, akaanza upya kwa vifaa vya kuazima, akiunda vigoda. Kinyongo alikifukia kama kaa la moto kwenye majivu. Mazengo naye akafungua karakana mtaa uleule, akawa anachongea vitanda vya watu kwa randa ya marehemu.

Vigoda vilipompa nafuu, Emiliana akaamua kutengeneza kabati la vifaa. Mwenye duka la mbao alimshauri achukue paini, ni nyepesi na hazisumbui. Akakataa. Paini ni chakula cha mchwa, na ardhi ya Nzuguni haina uhaba wa mchwa. Akachagua mninga mkavu, akiugonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Kwenye pembe hakutaka misumari, kwa sababu msumari hung'oka. Alichonga maungio ya mkia wa njiwa, meno ya ubao huu yakayauma ya ule, ukivuta hayaachiani. Fremu za milango akaziunga kwa ulimi na tundu, akakaza kwa vigingi vya mti. Bawaba akazificha ndani, mtu wa nje asione hata skrubu moja.

Nafasi za ndani alizipima kwa kumbukumbu ya mikono yake: hapa randa ndefu, pale patasi.

Jirani yake Devota akashangaa. "Kabati lote hili, na msumeno wenyewe wa kuazima?"

"Vifaa vitakuja."

Mazengo aliviweka vifaa vya marehemu kwenye sanduku la paini, chini kwenye udongo. Kila akipita, Emiliana aliona vijia vya mchwa vikipanda ubavuni. Angeweza kumwambia. Alimpa shikamoo, akapita zake.

Mvua za Januari zilipokolea, sanduku likaachia kitako na paa la karakana likaanguka. Mazengo akaja na mkokoteni.

"Shemeji, nihifadhie mpaka niezeke."

"Karibu. Panga mwenyewe."

Randa ikaingia mahali pake, ikatulia. Patasi nazo. Mazengo akasita, akamtazama. Emiliana alikwisha kufunga, ufunguo akautia kifuani.

Mazengo alipokuja kuvidai, alimkuta Emiliana akipiga randa mlango wa mteja.

"Ulisema ni vya ukoo," Emiliana akamwambia. "Watoto wa Gerson ni ukoo gani?"

Mazengo akarudi na mtaimbo, akalizunguka kabati asipate pa kuuchomeka, majirani wakicheka waziwazi. Akashtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwuliza vifaa vilinunuliwa na nani. Mazengo akainuka, akaondoka bila vifaa.

Mama mkwe alituma ujumbe kutoka Kongwa: samehe, mwanangu. Emiliana akarudisha salamu tu. Siku moja alimwambia Devota kwamba alidhani angetosheka, lakini bado. Anamwona Mazengo akihangaika mtaani kutafuta randa ya kuazima, na kila asubuhi anatamani aje aombe kwake, apate kumnyima.