Uliza Aliyevuka Jana

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, nikiwa na miaka thelathini na sita, nimesimama juu ya mto ulioganda ukawa kama jiwe, katika nchi ambayo sikuwa nimemaliza mwaka ndani yake. Mkononi nilishika nondo ya chuma, mfukoni nilikuwa na mshipi wa kuvulia, na kichwani nilikuwa na kiburi. Nondo na mshipi nilivipata kulekule. Kiburi nilitoka nacho hapa Kisangani, na pale uwanja wa ndege hakuna aliyenipimia uzito wake.

Lakini nisianze na mkia kabla ya kichwa.

Mimi ni mtoto wa maporomoko. Baba yangu, na baba yake kabla yake, walisimamisha nguzo katika maji yale yanayonguruma, wakazifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza mitego yetu mikubwa ya fito mahali maji yanapokimbia kuliko pengine pote. Mvuvi wa kwetu hatafuti maji yaliyotulia. Samaki mkubwa hupigana na maji makali mpaka achoke, na akishachoka maji yanamsukuma mwenyewe ndani ya mtego. Nikiwa na miaka kumi na tano nilitembea juu ya nguzo zile na mzigo begani. Wageni wakija kutazama, mimi ndiye niliyewashika mkono. "Weka muguu hapa, papa. Pale hapana, iko utelezi." Walinitii wote, hata wakubwa wenye koti na tai.

Vita vilitutoa. Tulikaa Uganda miaka minne, mimi na mke wangu Marceline na binti yetu Bijou, hadi Kanada ikakubali kutupokea. Tukapelekwa mji mdogo, upande wao wanaosema Kifaransa, kando ya mto mpana. Ulikuwa mwezi wa sita. Nilipouona mto ule kwenye dirisha la basi, nikamwambia Marceline, "Hapa tutaishi. Iko mto."

Mwanangu, watu watakuonya juu ya baridi. Baridi unaivalia koti, inakwisha. Kilichoniuma mimi kilikuwa kingine. Hapa nilikuwa mtu anayeulizwa. Kule nikawa mtu wa kuuliza. Katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali nilikopata kazi, kijana wa miaka ishirini alinifundisha kuvaa glavu, akarudia mara tatu, akitamka polepole kama anayesema na mgonjwa. Siku moja nilipitishwa kituo changu kwa sababu sikujua kwamba mlango wa basi una kitufe, na nilisimama mbele yake nikiungoja ufunguke, watu wakinitazama. Bijou, miaka saba, alinisomea barua za shule huku akinisahihisha Kifaransa changu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, walisema wazee. Hawakutuambia jogoo huyo analala namna gani.

Marceline hakuwa na ugonjwa huo. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu, lakini alikitembeza hivyohivyo, kimepasuka, bila haya. Alimuuliza dereva, alimuuliza mwenye duka, alimuuliza mama aliyekaa naye kwenye benchi. Mwezi wa nane alikuwa tayari anajua wapi wanagawa makoti, siku gani takataka zinatolewa, na mchicha gani ukitwangwa sana unakaribia ladha ya pondu, majani yetu ya muhogo. Mimi darasa la wageni niliacha baada ya wiki mbili. Nilisema mtu mzima hafundishwi kuvuka barabara.

"Papa Bijou," aliniambia, "kuuliza haiue mutu."

"Kuuliza kila siku ni kuomba," nilimjibu. "Na mimi sikuzaliwa mwombaji."

Akarudi jikoni. Marceline akikugeuzia mgongo, ujue amemaliza kukubishia lakini hajakubali.

Basi mto ukaganda. Samaki tuliokula walitoka kwenye boksi la karatasi, vipande vya pembe nne visivyo na kichwa wala mfupa. Jioni moja mwezi wa pili Bijou alileta kitabu cha shule mezani, akaninyooshea picha, akauliza bila ubaya wowote, "Papa, kumbe samaki iko na macho?"

Mtoto wa maporomoko, mjukuu wa baba yangu. Nilishindwa kumaliza chakula.

Chini yetu, katika jengo lile lile, aliishi mzee mmoja mjane jina lake Fernand, amepita sabini, mikono mikubwa kama kafi. Majira yote ya baridi alikuwa na kibanda cha mbao juu ya barafu, katikati ya mto, na alivua kupitia tundu. Mimi nilimtazama kutoka dirishani. Tulikutana ngazini, akaniuliza kama ninavua. Nilimwambia nimezaliwa mtoni. "Basi siku moja njoo," akasema, "nikueleze huu wetu." Nikaitika *oui, oui*, ile *oui* ya kumaliza maneno, nikapanda zangu.

Mwezi wa tatu ulipoingia, nilimwona akikivuta kibanda chake hadi ufukoni. Wenzake nao wakavivuta vyao. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilisema moyoni: wamechoka, wameniachia samaki.

Jumamosi ile Marceline alikwenda na Bijou kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Nilichukua nondo, nikashuka. Nyayo za watu zilikuwa bado juu ya barafu, nyingi, nikazifuata. Kisha nikaziacha, kwa sababu zilikwenda katikati ambako maji yametulia, na nimekuambia mvuvi wa kwetu anatafuta nini. Nilikwenda chini ya daraja. Nikapiga magoti, nikaweka sikio, nikasikia maji yakikimbia huko chini. Mwanangu, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile kusikia kitu nilichokielewa bila kutafsiriwa.

Nikapiga nondo mara moja, mara mbili. Ya tatu sikuipiga. Barafu ile haikupasuka kwa kelele kama ubao. Ilikuwa chini ya miguu yangu, halafu haikuwepo.

Nondo ilianguka ikalalia kingo za tundu, nikaikumbatia kwa makwapa, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Maji yalishika miguu yangu yakaivuta upande, chini ya barafu. Mto wa kwetu ukikumeza, aghalabu unakutapika mahali fulani. Huu ulikuwa na kifuniko. Nilitaka kupiga kelele, na hapo ndipo nilipogundua sijui neno. Neno la kuomba msaada kwa Kifaransa, neno la kwanza analofundishwa mgeni, mimi sikulijua, kwa sababu huenda walilifundisha wiki ya tatu na mimi niliondoka wiki ya pili. Niliita kwa Kiswahili. Niliita kwa Lingala, *bosalisa ngai*. Niliita mama yangu, ambaye alikuwa ameshafariki.

Fernand alikuwa ufukoni akifunga kibanda chake. Hakuja mbio. Nilimwona anachukua ngazi iliyokuwa kando, anaisukuma mbele yake juu ya barafu, halafu analala kifudifudi nyuma yake, mzee wa umri ule, anajiburuta. Nilidhani ana wazimu. Ngazi iliponifikia akasema kwa sauti ya kawaida, "Usijaribu kusimama. Lala kama samaki. Piga miguu, jitelezeshe." Nikafanya kama alivyosema. Sijawahi kumtii mtu haraka hivyo tangu baba yangu alipokufa.

Siku mbili nililala hospitali. Huenda shuka nililojifunika nililifua mwenyewe. Marceline alikuja, akakaa kando ya kitanda. Kisha akasema, "Uliogopa watu wacheke juu ya kuuliza. Mimi nilikuwa njiani nafikiri namna gani nitaelezea Bijou kitu gani ilimuua papa yake." Neno hilo hakunikumbusha tena baadaye. Ndiyo maana sijalisahau.

Siku ya pili alikuja Fernand, kofia mkononi. Nilitayarisha maneno ya shukrani, lakini alinikatiza. Nitakupa mazungumzo yetu kwa Kiswahili.

"Binti yako ananiambia kwenu unavua juu ya miti, maji yanapita chini kama treni."

"Ni kweli."

"Mimi nina miaka sitini juu ya barafu. Nikija kwenu kesho, nipande juu ya miti hiyo peke yangu?"

"Hapana. Utakufa."

"Basi utanifanyaje?"

"Nitakushika mkono," nikasema.

"Na utanicheka?"

"Siwezi kukucheka. Wageni wote tunawashika mkono."

Akageuza kofia yake kidogo. "Sasa mimi ulininyima mkono wako kwa nini?"

Nikamwonyesha kiti, mwanangu, akakaa.

Akanieleza kwamba maji yanayokimbia hula barafu kutoka chini, kwamba pale darajani hakuna mtu wa mji ule anayekanyaga hata katikati ya baridi kali. "Ulichagua mahali pabaya kuliko pote," akasema, "na ulipachagua kwa akili. Mjinga angefuata nyayo." Kisha akasimama. "Mimi kila asubuhi, kabla ya kuweka mguu, nauliza mtu aliyevuka jana. Miaka sitini. Na bado nauliza."

Nilirudi darasani. Nilikaa mbele. Kazini nilimuuliza yule kijana wa glavu mambo niliyojifanya nayajua, na nikagundua kwamba hakuwa akinidharau; alikuwa anaogopa mashine isinikate vidole. Baridi iliyofuata Fernand alinipandisha barafuni. Akanionyesha barafu ya bluu inayobeba mtu, nyeupe ya kutilia shaka, na ile ya kijivu ambayo hupaswi hata kuitania. Mimi nilisuka mtego mdogo wa fito, wa kwetu kabisa, na safari hii niliuliza kabla sijautia majini. Akacheka sana. Sheria yao inaukataza. Akauomba, akautundika ukutani sebuleni kwake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Ni kweli, lakini mwonyeshe na mpaka wa shamba. Naye mgeni akubali kuonyeshwa.

Tuliishi kule miaka ishirini na moja. Fernand alipofariki, binti yake alinipigia simu, akaniweka miongoni mwa watu sita wa kubeba jeneza. Nilipolishika nililia kama nilivyomlilia baba yangu. Bijou alisoma, akaolewa, ana watoto wawili kule na nyumba yake. Mimi na Marceline tulirudi hapa tulipomaliza kazi, na usifikiri kurudi ni rahisi. Nilitoka mtaa wa Makiso nikapotea katika mji niliozaliwa. Niliuliza moto, hizi pikipiki za abiria, inakwenda bei gani, niliuliza namna ya kulipa kwa simu, na muuzaji mmoja, Mnande wa kutoka Butembo, kijana sana, akaniambia, "Tonton, ulikuwa wapi siku yote hii?" Nikamwambia nilikuwa naishi kwa watu, anieleze polepole. Akanieleza.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi wanapita kwangu kuniaga, na wote wananiuliza wabebe nini. Wanataka niwatajie koti, dawa, unga wa muhogo. Beba, ni vizuri. Lakini wewe mwanangu uliyepata karatasi za kuhamia kule, nisikilize hili.

Ujuzi wako si uongo. Usikubali mtu akuambie uutupe mtoni. Ila ujue ulijifunzia kwenye mto mwingine, na mahali unapojiamini kuliko pote ndipo utakapohitaji kuuliza zaidi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukishafika, kaa darasani, hata mwalimu akiwa na umri wa mdogo wako. Jifunze neno la kuomba msaada kabla ya neno la kusalimia. Ukiambiwa na jirani "njoo nikueleze", usiitike kwa kumfukuza. Nenda siku hiyohiyo, na upeleke chochote mkononi. Mke wako akiuliza kuliko wewe, mfuate. Mtoto wako akikusahihisha, mshukuru, halafu umfundishe la kwetu alilolisahau, ili deni liwe la pande mbili. Na utakapokuwa mwenyeji, maana siku hiyo inafika bila kubisha hodi, mtazame anayeshuka kwenye basi na macho makavu, anayesema anajua kila kitu. Usimngoje aombe. Mtu wa namna hiyo haombi.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akukutanishe na watu wenye subira, akupe masikio kabla ya maneno, na nyumba utakayoijenga kule iwe na chungu kisichokauka. Akuzeeshe polepole. Na wazazi wako unaowaacha hapa, awatunze mpaka sauti yako isikike tena mlangoni kwao. Amina.