Herufi Ambazo Mtandao Haukuziona

Mtaani walimwita Mkono Mnyoofu, na jina lilimkaa. Alipanda ngazi, akauma brashi ya pili mdomoni, akavuta mstari wa rangi toka mwanzo wa ukuta hadi mwisho bila rula, na mstari ule haukuyumba. Nusu ya maduka ya barabara ile yalivaa herufi zake. Lakini siku hizi watu walichapisha mabango ya plastiki, na waliokuwa bado wanataka kuandikiwa kwa mkono hawakujua wamtafute wapi.

Binamu yake alikuwa amempatia kazi ya kupaka rangi majengo, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Angekuwa anarudi nyumbani mara mojamoja. Mwisho wa mwezi alitakiwa kutoa jibu.

Mkewe alimtazama tu mtoto wao, ambaye alishaanza kumjua baba yake kwa harufu ya rangi: baba akifika mlangoni, miguu midogo inapiga godoro.

Kabla ya kujifungua, mke huyu alifanya kazi kwenye duka la uchapishaji, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza kurasa za mtandaoni. Sasa aliifanya kazi hiyo nyumbani, mtoto mgongoni. Kinyozi jirani alikuwa mteja wake, na mshona viatu pia. Mumewe naye alishatengenezewa ukurasa, ila yule bwana alitoa sharti: herufi za kompyuta zisiguse ukurasa wake. Alichukua ubao, akaandika kila kitu kwa brashi, jina, kazi, namba ya simu, tena kwa kivuli na dhahabu. Wakaupiga picha. Mke, kwa uchovu wa uzazi, akaiweka picha nzima kama ilivyo. Ukurasa ukapendeza kama bibi harusi aliyefungiwa chumbani. Hakuna aliyepiga simu.

Adhuhuri moja mtoto akiwa amelala, mke alijifanya mteja, akaandika kwenye simu kile ambacho mteja angeandika. Yakaja majina ya wengine, ukurasa baada ya ukurasa. La mumewe halikuwemo. Akaona haya peke yake. Kweli mganga hajigangi.

"Umekaa kama mtu aliyemeza mfupa," mumewe alisema akivua kiatu mlangoni.

"Ukurasa wako hausomeki."

"Hausomeki? Hata bibi yangu na macho yake yale angeusoma."

"Bibi atauona. Mtandao unafuata maandishi yaliyochapwa. Sisi tumeupa picha moja, na jina la picha ni tarakimu za kamera. Haujui kama ni kibao au ni ng'ombe."

"Chema chajiuza, mama."

"Kikiwa mezani. Chako kiko uvunguni."

Mume akacheka bila kutaka. Kilichofuata ndicho kilichomuuma. Juu kabisa ya ukurasa alikuwa amejiandika Msanii wa Herufi Hai, na mkewe alishamuuliza kinyozi kama angetafuta maneno hayo.

"Shemeji," kinyozi alimjibu, "mimi ningeandika mtu wa kuandika kibao cha duka. Huyo msanii ningemwita harusini, aje kuimba."

Mume aliposikia aliweka kiatu chini. "Kwa hiyo mimi ni mtu wa vibao."

"Wewe ni vile unavyojijua, mume wangu. Ila mteja hakujui bado. Muite kwa maneno yake mwenyewe. Akishaingia ndani, mwambie wewe ni nani."

Mume alimnyanyua mtoto, akambeba begani, akazunguka naye chumbani. "Andika basi," alisema. "Lakini kazi zangu usizitupe."

Mke akaanza na kichwa cha ukurasa: uandishi wa vibao na kuta kwa mkono, na jina la mtaa. Chini yake akaweka maelezo mafupi, kisha vichwa vidogo vya kila aina ya kazi. Ile picha kubwa, iliyochelewa kufunguka mpaka mtu akachoka, aliiondoa. Badala yake akaweka picha ndogo nyepesi za vibao vyenyewe, kila moja na jina lake na mstari wa kuieleza.

"Kibao chekundu," akaandika.

"Si chekundu hicho," mume akasema juu ya bega lake. "Ni rangi ya tofali lililolowa."

"Haya, sema wewe, mimi nichape."

Akasema. Alikijua kila kibao: ukuta uliomnyima raha kwa chumvi iliyobambua rangi, herufi aliyoirudia kwa sababu ya upepo. Mke alichapa mpaka vidole vikamuuma, na hakumkatiza. Kesho yake kinyozi naye akaweka kwenye ukurasa wake kiungo cha kumfikisha mtu kwenye ukurasa wa Mkono Mnyoofu.

"Nipo?" mume akawa anauliza kila akirudi.

"Hupo. Subiri, mtandao bado haujaupitia ukurasa wako."

Siku moja akajibiwa, "Upo, ukurasa wa tatu wa majibu, chini kabisa." Akaenda kumsimulia kinyozi kama mtu aliyepandishwa cheo. Baadaye akapanda hadi wa kwanza, si juu, lakini wa kwanza.

Simu ililia wakimwogesha mtoto. Mama mmoja alikuwa anafungua chekechea, akitaka wanyama na alfabeti ukutani. Wiki hiyohiyo akapiga mwenye gereji, halafu duka la dawa.

Mwezi ukiwa ukingoni, mume alimpigia binamu yake.

"Ndugu yangu, nafasi hiyo mpe mwenzangu. Hapana, sijatajirika. Watu wameanza kuniona, nataka niwepo wakija."

Akakata, akamgeukia mkewe.

"Hivi mtu mwenye lori, akitaka kuandikiwa ubavuni, anaulizaje mtandaoni?"

"Wamejaa pale stendi. Nenda kawasikilize."

Akatoka.