Mtunza Majina wa Isulwe

Ukitoka Malava ukaelekea upande wa msitu wa Buyangu, utakiona kilima ambacho watu wa bondeni huapa kwamba ni pori tupu, miti na ukungu na nyani basi. Waache waape. Juu ya kilima hicho upo mji wa Isulwe, wenye vichochoro vya mawe, nyumba za mbao zilizoegemea miamba, na mizinga ya nyuki kila unapogeuka. Wenyeji wake ni watu kama mimi na wewe, ila masikio yao ni marefu na yamechongoka juu, na wanaishi muda mrefu hadi wanachoka wenyewe kuhesabu miaka. Wanapika obusuma, ugali wao, wanasengenyana, wanagombania mahali pa kuanika wimbi. Mtu akikuambia kwamba hao ni mizimu, mwambie akalale, amechoka.

Awinja alizaliwa huko na hakuwahi kutamani kwingine. Kazi yake aliirithi kwa shangazi yake: alikuwa mtunza majina. Langoni pa mji kulikuwa na kibanda kidogo, na ndani ya kibanda vilining'inia vibuyu. Mtu wa Isulwe aliyetaka kushuka kuishi bondeni alilazimika kwanza kunong'ona jina lake kwenye mdomo wa kibuyu, na Awinja akakiziba kwa nta. Tangu hapo huko chini aliitwa jina lolote atakalopewa, na huku juu hakuna aliyelikumbuka lile la kwanza, hata mama aliyemzaa. Mtunza majina peke yake ndiye aliyebaki nalo, naye hakuruhusiwa kulitamka mbele ya mtu, maana kulitamka ni sawa na kukizibua kibuyu.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa ukatili. Mtu ambaye jina lake liko kibuyuni hawezi kuonyesha njia ya Isulwe. Akijaribu kuisimulia ulimi unamteleza, na anajikuta anazungumzia mvua. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja pale Malava, mtoto wa kilimani, ambaye alizungumzia mvua maisha yake yote, mpaka kwenye harusi ya binti yake. Watu walimwona ana kasoro kidogo. Isulwe ikaendelea kulala salama.

Basi kazi ya Awinja ilikuwa kuvifuta vibuyu vumbi, kuvipaka samli visipasuke, na kufagia mbele ya lango. Were, mrina asali, alimposa wakati mmoja. Awinja akamjibu kwamba hawezi kuhamia mtaa wa pili vibuyu vikabaki peke yao. Were alicheka sana, akidhani anataniwa. Alipojua hataniwi alikwenda zake na mizinga yake, na wakabaki majirani wema.

Awinja alikuwa na ndugu mmoja tu, Shikanga, kitindamimba wa mama yao Nanjala. Awinja ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemtafunia nyama meno yalipokuwa hayajaota. Ukimuuliza angekwambia kwamba hakuhitaji kuolewa, mtoto alikuwa naye tayari.

Ikaja miaka ile ya sukari. Kiwanda kilianza kutoa moshi, na ukisimama juu ya mwamba mchana wa jua kali uliona kijani cha miwa kinavyoyameza mashamba ya mahindi, boma hadi boma. Trekta zilipita zikivuta matela yaliyojaa miwa, na wakati miwa ilipochomwa majivu yake yalipanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa Isulwe. Shikanga alikuwa akikaa juu ya mwamba ule kutwa nzima, akitazama. Asubuhi moja alikuja langoni na kofia ya sufu mkononi.

"Dada, nipe kibuyu," alisema. "Hapa tunakaa tu kama uyoga."

Awinja alilia, lakini alimpa. Shikanga alinong'ona jina lake, akavuta kofia mpaka ikameza masikio, akashuka. Jioni hiyo Nanjala alimuuliza binti yake, "Yule mdogo wako, yule... ameenda wapi?" Jina lilikuwa limeshamtoka. Awinja alilijua, likamkaa kooni.

Huko chini walimwita Erastus. Habari zake zilikuja kupitia kwa Were, ambaye alifika mpaka ukingo wa msitu akifuata nyuki: amepanda miwa, ameoa msichana anayeitwa Zilpah, amekuwa kiongozi wa wakulima wa upande wake. Kofia hatoi hata kanisani.

Halafu siku moja alirudi. Awinja alikuwa akifagia, akaona mtu mzima mwenye viatu vya ngozi amesimama nje ya lango, amevua kofia, masikio yake yamekunjamana kwa kufinywa miaka yote hiyo. Mkononi alikuwa na donge la sukari guru alilolifunga kwa jani la mgomba.

"Dada, nimechoka," alisema. "Nataka kurudi nyumbani kabisa. Nataka mama aniite jina langu."

Sasa, kurudi nako kuna sheria yake. Anayerudi hulala kwanza chini ya paa la mama yake, na alfajiri huwasha moto katika meko yake. Akishafanya hivyo ndipo kibuyu kinazibuliwa. Shangazi yake Awinja alimkumbusha jambo hilo mpaka siku aliyokata roho: usimfungulie mtu kabla hajalala, hata akilia, hata akiwa wako.

Shikanga alilia. Alilia kwa sauti, akashika miguu ya dada yake, akasema mama yao anaumwa (na kweli alikuwa akiumwa kifua), je, akifa usiku huu bila kumwita? Awinja alimtazama mtoto wake wa mgongoni, akapanda juu ya kigoda, akakishusha kibuyu, akabandua nta kwa ukucha. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Kwingine kokote duniani mtu angesifiwa kwa kumfungulia ndugu yake mlango.

Nyumba nzima ilifurahi. Nanjala aliinuka kitandani akaita "Shikanga!" kama mtu aliyeokota kitu kilichopotea. Kuku, ingokho, alichinjwa, na firigisi akapewa Shikanga, kama apewavyo mwanamume anayeheshimiwa nyumbani. Aliila yote. Aliwagawia sukari guru, akafuta mikono, akasema ameisahau fimbo yake kule kijitoni, anaikimbilia mara moja. Mama yake akamwambia awahi kabla ugali haujapoa.

Ugali ulipoa. Usiku ukapita, na ule moto wa alfajiri aliuwasha Awinja.

Were ndiye aliyeleta habari iliyobaki, Jumamosi, akihema. Alikuwa amejibanza juu ya mti ukingoni mwa msitu na kumwona Shikanga akiwa na wapima ardhi, wanapigilia vigingi vyekundu chini ya kilima. Kiwanda kilitaka ardhi mpya yenye chemchemi, na atakayeionyesha angefanywa mkubwa wa wakulima wote wa upande ule.

"Amewaambia Jumatatu anawapandisha," alisema Were. "Nimesikia na masikio yangu haya. Amewaahidi kuwaonyesha ile njia yetu ya nyuma ya maporomoko. Awinja, si huyu jina lake lilikuwa kwa kibuyu? Nani alimfungulia?"

Awinja hakusingizia mtu. "Ni mimi," alisema. Aibu ilimpanda mpaka ncha za masikio, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alikuwa anaikumbuka miguu yake ilivyoshikwa. Yale machozi yalikuwa ya moto, ya kweli kabisa yakiguswa, na yote yalikuwa kazi ya mikono. Shikanga alikuwa amelia kama mtu anavyotia maji kwenye udongo, ili ulainike.

Wazee wa mji walimkaripia, kisha wakaacha, kwa sababu kukaripia hakuondoi vigingi. Ndipo Awinja akawaambia jambo ambalo shangazi yake alimfundisha na ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitendeka. Jina lililokwisha kurudishwa, mwenye nalo akiitwa na damu yake mwenyewe naye akalikana, hurudi kibuyuni lenyewe. Na safari hiyo halitoki tena. Mtu huyo hana kwao mpaka mwisho wa maisha yake.

"Na akiitika?" mzee mmoja aliuliza.

"Akiitika ni lake. Nitamwomba, basi. Nitamwomba kama dada."

Jumapili mchana Awinja alishuka bondeni kwa mara ya kwanza maishani. Alifunga leso kichwani ikayafunika masikio, akaficha kibuyu ndani ya kikapu, akapita katikati ya miwa iliyomzidi kimo huku majani yakimkwaruza mikono. Njia nzima alikuwa na mioyo miwili. Isulwe yote ilitaka Shikanga alikane jina, na yeye alijua hivyo, na bado alijikuta anaomba, aitike, aitike, hata kama tutaangamia aitike.

Boma la Erastus lilikuwa na nyumba ya bati inayong'aa na trekta mpya uani, iliyovishwa maua. Wageni wa kiwanda walikuwa wamekaa chini ya turubai wakila. Zilpah, mke wake, alimkuta Awinja mlangoni mwa jikoni akamkaribisha vizuri, bila kumuuliza ametoka wapi.

"Mulembe, mama. Keti hapo kivulini, unywe chai. Leo tuko na wageni, bwana yangu, Baba Nekesa, anawapeleka kesho kuona shamba."

"Mulembe, mwanangu. Mume wako ni mzima?"

"Ni mzima, ni kichwa tu. Kinamsumbuanga na baridi. Hata kulala analalanga na kofia." Zilpah alicheka. "Nilishazoea."

Awinja alikunywa chai ile na akampenda mwanamke huyo, na hilo likamuumiza pia, kwa sababu hata Zilpah alikuwa ameolewa na mtu asiyemjua. Kisha akaweka kikombe chini, akatembea mpaka mbele ya turubai. Kaka yake alikuwa amesimama, suti ya kahawia, kofia kichwani, anawasimulia wageni kitu na wao wanacheka. Alimwona dada yake. Kicheko kilimkwama.

"Shikanga," aliita Awinja.

Wageni waligeuka. Mkubwa wao, bwana mnene aliyekuwa akishikilia paja la kuku, alimtazama mwenyeji wake. "Mama huyu anamwita nani?"

"Shikanga, ni mimi. Ni Awinja. Mama anakuulizia."

Awinja alikuwa karibu kiasi kwamba aliona jasho likitoka chini ya ile kofia. Aliona mdomo wake ukifunguka, na kwa muda mdogo kaka yake alikuwa mtoto yule yule, anayetaka kubebwa. Angesema "dada" tu. Neno dogo hilo lingetosha. Awinja alinyoosha mkono.

"Shikanga, mwana wa mama yangu, itika."

Erastus alimtazama Zilpah, akawatazama wageni, akaitazama trekta yake yenye maua. "Simjui mama huyu," alisema. "Hawa ndio wanazungukanga sokoni wakiombaomba. Na hakuna Shikanga hapa. Zilpah, mpe chakula aende."

Kibuyu kilipata uzito ndani ya kikapu. Awinja alikisikia kikishuka kama mtu ametia jiwe, akaingiza mkono, akakandamiza nta mdomoni mwake kwa kidole gumba mpaka ikashika. Alikuwa ameuokoa mji wake na hakusikia furaha hata kidogo. Kulikuwa na hasira, kali, ya kutaka kumvua kofia ile mbele ya watu wote. Hakumvua. Zilpah alikuwa anakuja na sahani, na uso wake ulikuwa wa huruma.

Tangu hapo hata mimi ninayesimulia namwita Erastus, na hutanisikia nikimwita vingine.

"Tuyaache hayo," alisema yule bwana mnene, akifuta vidole. "Turudi kwenye kilima chetu. Kesho tunapita wapi?"

"Kesho," alianza Erastus, "tukishavuka kijito, tunaingia nyuma ya... nyuma ya..." Alimeza mate. "Mvua ya mwaka huu imechelewa sana. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa inanyesha kila jioni."

"Nauliza njia, Erastus."

"Ndiyo. Njia yenyewe... ikianza kunyesha inaanzia huku magharibi. Mawingu yake ni meusi." Macho yalikuwa yamemtoka. Alishika meza. Aligeuka kumtafuta yule mama mwenye kikapu, lakini Awinja alikuwa ameshampa kisogo, anatembea katikati ya miwa, na nyuma yake sauti ya kaka yake iliendelea kusema mvua, mvua, huku wageni wakianza kuinuka mmoja mmoja.

Alifika Isulwe jua likiwa bado juu ya miti. Watu walimpokea langoni kwa vigelegele. Were akambebea kikapu, akaona kilivyo kizito, akakishika kwa mikono miwili. Awinja alikitundika kibuyu mwisho kabisa wa kibanda, mahali ambapo mkono haufiki bila kigoda, kisha akakipasua kigoda akakitia kwenye kuni.

Nyumbani, Nanjala alikuwa amekaa karibu na meko, shuka mabegani. Alikuwa amechinja ingokho mwingine kwa nguvu alizobakiwa nazo. Sufuria ilikuwa motoni na kando yake sahani ndogo iliyofunikwa.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona, mama."

"Anakuja?"

Awinja alikaa chini. Alisema hapana.

"Nimemwekea firigisi yake," alisema Nanjala, akafunua sahani. Kisha akakunja uso kama anayetafuta kitu gizani. "Awinja. Yule mtoto wangu. Nilikuwa namwitanga nani?"

Jina lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wa Awinja, zima, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nalo. Aliuuma ulimi wake.

"Kula wewe, mama," alisema, akamsogezea sahani. "Itapoa."