Bendera Ambayo Baba Hakuishona

Kila unapofika mwezi wa Disemba mtu hunijia hapa nyumbani Msambweni, mara mwalimu, mara kijana kutoka kwa chifu, akanisalimu kwa adabu zote. "Shikamoo bibi. Wewe si ndiye binti wa yule fundi aliyeshona bendera yetu ya kwanza ya uhuru?" Humwitikia marahaba, kisha humwambia sivyo. Hucheka. Hudhani ninajishusha. Mimi sijishushi. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani, imekomaa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishonea barazani kwetu, kando ya barabara kuu: kanzu, kaptura za shule, magauni ya wake za wavuvi. Miaka ile uhuru ulipokuwa ukikaribia, mji wetu ulipasuka vipande viwili. Ukanda wetu wa pwani ulikuwa bado ukihesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akiushika kwa mkataba. Wako waliotaka pwani ijitawale peke yake, wakiita Mwambao. Wako waliotaka tuingie Kenya moja na watu wa bara. Baba alikuwa wa Mwambao. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa kiongozi wa vijana wa chama, na hao walikuwa wa Kenya moja.

Wasimulizi wa leo husema ati sote tulishangilia pamoja. Uongo mtupu. Salamu zilikuwa haziitikiwi. Mwanamke aliyeninyonyesha nilipokuwa mchanga, mama alipougua, alikuwa akitugeuzia kisogo kisimani. Msiba ukitokea upande huu, upande ule hawaji kuzika. Siku moja vijana walitupigia mawe juu ya bati mchana kweupe, huku wakipiga kelele, "Vibaraka wa Sultani!"

Baba alitoka, utepe wa kupimia ukiwa ungali shingoni.

"Mimi simtaki huyo Sultani," akawaambia. "Ninataka anayenitawala ajue shamba langu linaanzia wapi na linaishia wapi. Mtu wa Nairobi atalijua hilo?"

Walimjibu kwa jiwe jingine.

Siku chache kabla ya uhuru mjomba alikuja na kundi la vijana wake. Hakupiga hodi.

"Shemeji," akasema, "bendera ya serikali imeletwa moja tu, na iko Kwale. Sisi tunataka yetu, ipande katika uwanja wetu. Utatushonea."

"Sishoni."

"Ninakuomba kwa wema."

"Kwa wema, na jeshi lote hili nyuma yako? Sishoni, wallahi, hata unikate mkono."

"Mkono wako wa nini?" mjomba akamjibu. "Mwacheni akae na mkono wake. Bebeni cherehani."

Waliibeba na kanzu ya mtu ikiwa ingali chini ya sindano. Baba alijaribu kuishika, wakamsukuma akaanguka juu ya benchi lake mwenyewe.

Walipoifikisha ofisini kwa chama, ikawa hapana hata mmoja wao ajuaye kushona. Mafundi wengine wa mji walijificha. Ndipo mjomba akarudi, mara hii kumtaka mama, ambaye alikuwa amejifunza kazi kwa baba. Na kwetu Wadigo neno la mjomba ni zito. Watoto wa dada yake huwahesabu kuwa ni wake, na dada mwenyewe hamwambii hapana akasikika.

"Nikishona, cherehani itarudi?" mama aliuliza.

"Itarudi."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa akitazama ukuta. Mama akajitanda leso yake akatoka, nami nikamfuata.

Alishona mchana kutwa katika chumba kilichojaa moshi wa sigara, wanaume wakiwa wamemsimamia kichwani. Vile vitambaa vitatu, cheusi, chekundu na cha kijani, na zile kingo nyeupe, viliunganika bila tabu. Ngao ndiyo iliyomsumbua, kwa kuwa walimwonyesha picha ndogo ya gazeti, tena yenye mikunjo.

"Hiyo ni ngao au papai?" mjomba akauliza.

"Lete fundi mwingine," mama akamjibu bila kuinua macho.

Siku ya sherehe uwanja ulikuwa tope tupu. Walichinja ng'ombe waliotoka Kinango, na sisi watoto tukapewa mkate na chai. Baba alijifungia ndani. Mama naye alibaki, hakuwasha hata moto. Mimi nilikwenda. Bendera ilipopanda nilifurahi, sitasema uongo, lakini furaha yangu haikuwa ya nchi. Ile mishono ilikuwa ya mama yangu, na pale pote aliyejua hivyo na akajali nilikuwa peke yangu.

Cherehani ilirudishwa kanyagio lake likiwa limepinda. Baba alilinyoosha mwenyewe. Hakumlaumu mama, wala hakumshukuru.

Mwaka uliofuata, nchi ilipokuwa jamhuri, chifu aliamrisha kila mwenye kazi yake mjini ahudhurie sherehe. Baba alikwenda, akasimama nyuma kabisa. Mjomba alipanda jukwaani, mbele ya bwana mkubwa kutoka Kwale, akanyoosha kidole.

"Mnamwona yule? Huyo ni shemeji yangu. Aliacha kazi zake zote akatushonea bendera ya kwanza, kwa mikono yake, kwa mapenzi ya nchi yake! Sogea mbele shemeji, watu wakuone!"

Watu walipiga makofi. Baba hakusogea. Alingoja makofi yaishe.

"Sikuishona," akasema kwa sauti iliyofika kila pembe. "Mlininyang'anya cherehani, mkamshurutisha mke wangu."

Mjomba alisita kidogo tu, kisha akaangua kicheko.

"Mnamsikia mtani wangu? Huyu haachi utani hata mbele ya serikali!"

Basi uwanja mzima ukacheka. Mashemeji kwetu ni watani, na neno la mtani halishikwi. Yule bwana mkubwa alicheka hata akatoa kitambaa kujipangusa macho. Baba alifungua mdomo aseme tena, na kila alipoufungua walizidi kucheka. Nilimshika mkono nikamtoa pale.

Idi ilipofika mjomba alikuja kwetu na mguu wa mbuzi. Mama alimkuta kizingitini.

"Kaka, kwanza nenda ukaseme kweli mbele ya watu. Ndipo uingie."

"Kweli gani, dada? Niseme nimeshonewa bendera na mwanamke, tena kwa nguvu? Nimemtukuza mumeo, nawe wanifungia mlango?"

"Hukumtukuza. Umemziba mdomo."

Akaufunga mlango. Nilipoolewa, mama hakumwalika, jambo ambalo halikuwa limesikika katika mji wetu: binti anatoka na mjomba wake yu hai, hakuombwa hata radhi. Wanawake walitusema sana. Mama alikuwa akiwaambia wazi, "Mjomba wake hayupo," na mtu mwenyewe amekaa msikitini pale ng'ambo.

Baba alitangulia kufa. Mjomba alipomfuata, miaka mingi baadaye, alizikwa kwa hotuba. Mimi sikutaka kwenda.

"Nenda," mama akaniambia, sauti yake ikiwa imekwisha nguvu. "Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Na maiti hana kosa."

Nilikwenda kwa ajili yake. Nilipoingia ukumbini kwa wanawake, wa kwanza kunipa mkono wa pole alinivuta karibu akaninong'oneza, "Mjomba wako na baba yako, mwanangu, hao ndio waliotupa uhuru."

Niliutoa mkono wangu katika wake, nikaenda kukaa mbali.