Sisimizi wa Kibuta

Harufu ya chipsi zinazokaangwa pale stendi ya Kibaha bado hunifanya nipunguze mwendo, kisha nipite.

Nilikuwa mtoto mnene, na nyumbani unene wangu ulikuwa sifa. Kila jioni baba alirudi na chipsi mayai na soda, akakaa kunitazama nikila, uso umemjaa furaha.

Likizo moja mama alinipeleka Kibuta kwa bibi. Asubuhi bibi alimwita nyuma ya nyumba. Pale nilipokojoa, mchanga ulikuwa mweusi kwa sisimizi.

“Mwanangu, huyu mtoto anakunywa maji kupita kiasi. Na huu weusi wa shingoni mmeuona?”

“Uchafu tu, mama. Nitamsugua.”

“Nimemsugua jana. Hautoki.”

Mama alinisugua shingo kwa kidole gumba mpaka nikalia. Hakuninyamazisha. Alianza kufungasha nguo.

Hospitali, nesi alinitoboa kidole, akasoma kimashine chake, akamwomba mama watoke nje. Baadaye nilimsikia mama mlangoni, akiongea na baba kwenye simu.

“Ana sukari,” alisema. Akasikiliza kidogo. “Hapana, siyo bibi. Mtoto.”