Mwatumu wa redio: Kiingereza cha milimani, salamu za Vanga

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mwatumu Bakari anavuta kiti, anaweka kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, anavaa hedifoni juu ya mtandio na kubonyeza kitufe cha redio ya upepo, ile ya kuzungumza na madereva barabarani.

"Dunstan. Umeamkaje? Wako hawajambo?"

"Hatujambo, dada. Mdogo tu ana mafua."

"Mpe pole. Haya, bibi wa Herndon, mlango wa nyuma, kiti cha magurudumu. Nenda salama."

Anahamia gari la pili, na lugha inageuka kuwa Kiingereza. Dereva huyo ni Mhabeshi. Wa tatu ametoka Ghana, wa nne El Salvador, wa tano ni mzaliwa wa Washington kusini-mashariki, mzee mwenye sauti nzito anayemwita "Mama Tumu". Kila mmoja anasalimiwa, anaulizwa watu wake, kisha anapewa kazi kwa maneno machache. Hakuna anayerukwa.

Ofisi iko Annandale, Virginia, karibu na Washington, nyuma ya duka la matairi. Kampuni hii ndogo ina magari kumi na manne yanayowapeleka wazee na wagonjwa hospitalini, wengi wao wakienda kusafishwa damu. Mwatumu, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ndiye anayeyaongoza yote.

Ukimsikia Kiingereza chake mara ya kwanza, utageuka kumtazama. Si cha shule, si cha Mombasa, wala si cha Wamarekani wa hapa wilayani Fairfax. "Van needs washed," anamwambia dereva, yaani gari linataka oshwa. Mwalimu angedai "to be" hapo katikati. Mwatumu hana habari nayo.

"Ya nini?" anauliza, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Gari chafu, nimesema lioshwe, limeoshwa. Hayo maneno mawili ningeyatia wapi mimi?"

Mwatumu alizaliwa Vanga, mpakani kabisa mwa Kenya na Tanzania, ambako watu husema Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili. Alipokwenda Nairobi kufanya kazi dukani, wateja walimcheka. "Ati Kiswahili gani hicho! Mimi, mtu wa pwani, nachekewa Kiswahili na watu wa Nairobi! Lo, nilikasirika."

Miaka kumi na mmoja iliyopita alimfuata mumewe Marekani. Hawakufikia Washington. Walifikia milimani, kusini-magharibi mwa Virginia, na baada ya muda wakaachana huko huko. Mwatumu alibaki na binti mdogo, Rahma, na kazi ya kufua mashuka ya hospitali.

Msimamizi wa madobi alikuwa mama wa Kizungu aitwaye Loretta, mzaliwa wa milima hiyo. Mwatumu hakuwa na Kiingereza cha kutosha hata cha kuomba maji. Alichonacho leo amekitoa kinywani mwa Loretta, na lafudhi yake yote.

"Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sakafu inataka pigwa deki, mashuka yanataka kunjwa, basi. Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, aliniuliza watu wangu wa Vanga wameamkaje. Kwa majina! Wallahi alimjua mpaka shangazi yangu Mwanasha na goti lake."

Hapo ndipo Mwatumu alipojifunza alichokuja kukifanya kuwa mtindo wake wa kazi. Kwenye redio ya upepo mmoja akisema wengine wote husubiri, kwa hiyo inabidi kusema kwa kifupi. Wenzake wengine hubana nafasi kwa kuacha salamu. Yeye huacha vile vineno vidogo vya Kiingereza, na nafasi anayoipata huitumia kusalimia.

Alipohamia Annandale aliendesha gari la kampuni kwa miaka sita, mpaka mgongo ukamshinda kwa kuinua viti vya magurudumu. Daktari alimkataza kabisa kuinua kitu kizito. Kiti cha redio kilipoachwa wazi mwaka huu, aliwekwa kwa majaribio. Angekikosa, hakukuwa na kazi nyingine ambayo angeweza kuifanya pale.

Basi hebu fikiria alivyojisikia Mwatumu siku meneja wake, Christopher, alipomwita faragha. Binti wa abiria mmoja alikuwa amepiga simu kulalamika. Kila akimsindikiza mama yake garini husikia sauti redioni ikisema Kiingereza kilichokatikakatika na kupiga soga za nyumbani. Akauliza kama hii ni kampuni au ni baraza.

Christopher alimpa karatasi yenye sentensi kamili za kusoma. Bila salamu, bila kukata neno. Wangetazama wiki moja, na Ijumaa angeamua kama kiti ni chake.

"Nilimwambia sawa," anasema Mwatumu. "Nina mtoto. Ningefanyaje? Lakini nilifika nyumbani nikamwambia Rahma kuwa safari hii wanacheka lugha ya Loretta, na Loretta hayupo hapa kujitetea. Iliniuma kuliko Nairobi."

Jumatatu akaanza kusoma. Sentensi ndefu, nzima, zilizonyooka. Hakumuuliza mtu ameamkaje.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Madereva walishika adabu ya kutisha. Walijibu kwa sauti ndogo, "ndiyo, mama", basi. Jumanne wawili waliosha magari yao bila kuambiwa. Mmoja alimwachia mezani fungu la ndizi na kuondoka mbio.

Dunstan, mwenyeji wa Bukoba, ndiye dereva mkongwe kuliko wote. Anakumbuka siku hizo akitikisa kichwa.

"Jamani, tulijua tumemuudhi. Mtu ambaye hakosi kukuuliza mtoto ameamkaje, ghafla anakutajia anwani tu kama polisi! Mwanangu mdogo alikuwa anaumwa siku hizo, na dada haulizi. Nikasema hapa kuna jambo. Nikawaambia wenzangu, twendeni tukamwombe radhi, kosa letu tutalijua huko huko."

Wakaenda kweli. Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, mlango ulifunguliwa akaingia Dunstan na chupa ya chai na vitumbua vya moto. Nyuma yake Mhabeshi, Mghana, wa El Salvador, na yule mzee wa kusini-mashariki, kofia mkononi. Wakasimama mbele ya meza kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

Dunstan aliomba msamaha kwa niaba ya wote. Yule mzee akasema kama ni yeye, hakukusudia. Kisha Mghana, ambaye kwao pia kumnyima mtu salamu ni tangazo la ugomvi, alishindwa kuvumilia. Akakiri kuwa yeye ndiye aliyekwangua ubavu wa gari namba tisa ukutani mwa gereji, akanyamaza tangu Pasaka.

Christopher alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkate mkononi. Hata yeye hakuwa akilijua la gari namba tisa.

"Nililia," anasema Mwatumu. "Sioni haya. Wanaume wazima wameacha chakula chao kuja kuniomba radhi, na kosa si lao. Nikawaonyesha karatasi. Dunstan akaisoma, akaangua kicheko, akasema, 'Dada, sisi tulidhani tumekuua!'"

Christopher hakucheka. Kesho yake aliomba hedifoni ya pili, akaketi kando ya Mwatumu, akamwambia aongee anavyoongea siku zote. Alisikiliza asubuhi nzima.

Gazeti hili lilipomuuliza alisikia nini, alikuna kidevu kabla ya kujibu. "Nilimsikia bibi yangu. Alikuwa wa Pennsylvania, naye alisema hivyo hivyo, sahani zinataka oshwa. Mama alikuwa akimkatiza kwa kuona aibu mbele ya wageni. Nilikuwa nimesahau kabisa. Na magari yote yalifika kwa wakati. Nilipaswa kumsikiliza kwanza, ndipo niandike hiyo karatasi."

Ijumaa kiti kikawa cha Mwatumu moja kwa moja, kwa sharti moja tu: majina ya abiria na anwani zisikatwe hata herufi. "Hilo ni haki," anakubali. "Jina la mtu halikatwi." Yule binti wa abiria aliyelalamika bado hajapendezwa sana, ila ameacha kupiga simu. Mghana alilipaka rangi gari namba tisa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa Mwatumu amepewa kazi ya kufundisha wageni watakaoshika redio. Ana mpango mwingine anaousema kwa fahari zaidi: likizo ya kiangazi atakodi gari, ampeleke Rahma milimani kwa Loretta, ambaye amestaafu na bado hupigiwa simu kila Jumapili. "Nataka amwone aliyenipa mdomo. Nikiulizwa Kiingereza changu ni cha wapi, nasema cha Loretta. Na Kiswahili changu cha Vanga. Sina cha kuazima."

Shida ni Rahma mwenyewe. Ana miaka kumi na miwili, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, tena kile kilichonyooka cha shule. Amewahi kumwomba mama yake asiongee sana mbele ya walimu.

Alasiri tunamfuata Mwatumu kumchukua shuleni. Rahma anaingia garini, anatupa begi nyuma, anaanza moja kwa moja kwamba ana njaa. Mama yake hawashi gari. Anatazama mbele, mikono kwenye usukani, anangoja.

Rahma anashusha pumzi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama." Anafunga mkanda, anatutazama sisi wageni, kisha anamgeukia mama yake na kusema bila kutabasamu, kwa lafudhi ya milimani isiyokosa kitu: "Supper needs cooked."

Mwatumu anapiga usukani kwa kiganja, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na gari bado hajaliwasha.