Alichokiona Tabby Kwenye Kahawa

Tabby Ngendo si mtu wa kuona vitu. Muulize yeyote pale sokoni Mukurweini, atakuambia vivyo hivyo. Ni fundi wa sweta. Ana mashine yake ya kufuma kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na kwa miaka ishirini na mbili amewafumia watoto wa shule zote za upande huu wa mto. Mtoto akisimama mlangoni, Tabby humtazama mara moja tu, hashiki hata futi, anasema, "Wewe ni ishirini na nane," na kweli inakuwa ishirini na nane. Macho ndiyo kazi yake. Ndoto na maono aliwaachia wenye nafasi.

Sasa ilikuwaje mtu wa namna hiyo akawa kichekesho cha tarafa nzima? Ngoja nikupe.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, mwezi ule wa ukungu ambao nguo hukaa kambani siku tatu na bado hazikauki. Tabby alitoka asubuhi kupeleka maziwa kituoni, akapitia njia ya mkato katikati ya kahawa. Kulikuwa kumepambazuka, lakini ukungu ulikuwa umelala chini. Akasikia majani yakichakacha. Akadhani ni mbwa. Alipoinua macho, hatua kama kumi na tano mbele yake, kitu kilikuwa kinavuka njia kwa miguu miwili.

Kimesimama wima. Urefu wake ungemfika mtu mzima kifuani. Mwili mweusi umefura, unadondosha maji. Mikono inaning'inia mpaka chini ya magoti, na mwisho wa mikono hiyo hapakuwa na vidole wala kiganja. Kilimgeukia, kikamtazama kidogo, halafu kikaenda zake kikipepesuka kuelekea mtoni.

"Ngai!" alisema Tabby. Akauweka mtungi wa maziwa chini na kukaa juu yake.

Angenyamaza, hadithi ingeishia hapo. Lakini Tabby hajui kunyamaza na jambo la kweli. Alifika kituoni akawaeleza watu wote waliokuwa kwenye foleni, na alieleza anavyopima sweta: urefu kiasi hiki, mabega kiasi hiki, mikono kiasi hiki. Lo! Kila mtu akawa mtaalamu wa wanyama.

"Hiyo ni fisi iko na upele," karani wa maziwa alisema. "Ikitoka manyoya inakuwa kitu ya kutisha sana."

"Fisi gani ya kusimama?" mwingine akamrukia. "Huyo ni muhanga. Anachimba mashimo usiku, na akitaka kunusa anasimama na miguu ya nyuma. Mimi nimewahi ona."

"Si ni yule ndege mrefu wa jalalani? Ukungu inaongezanga kitu urefu."

Bibi mmoja mwenye meno mawili akasema hao wote hawajui lolote, hilo ni irimu, zimwi lile alilosimuliwa na nyanya yake, na limerudi kwa sababu watu wameacha kuheshimiana. Griffins, dereva wa bodaboda, alikuwa amewasha simu tangu mwanzo anarekodi. Kabla ya saa sita picha ilikuwa imeenea kwenye simu za watu, Tabby akionyesha urefu kwa mkono, na juu yake maandishi mekundu: ZIMWI LAINGIA MUKURWEINI. Jumanne likaonekana Majengo kule Nyeri, nyuma ya kibanda cha chapati. Jumatano likawa Wang'uru, linavuka mashamba ya mpunga. Kwa miguu miwili tu, lakini safari zake zilimshinda hata Griffins na pikipiki yake.

Tabby angeweza kuvumilia kuchekwa. Shida ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi hiyo wazee walikuwa wakae kuamua mpaka wa shamba la jirani yake, Anita. Anita ni mjane. Mumewe marehemu Mutahi na kaka yake Wambugu waligawana shamba la baba yao miaka kumi na tisa iliyopita, na hati bado iko kwa jina la huyo baba yao, kama ilivyo kwa nusu ya watu wa huku. Mpaka wao ulipandwa itoka, lile ua lenye majani mapana ambalo wazee wetu walilitumia kuonyesha mwisho wa mtu na mwanzo wa mwenzake, na mwenye kuling'oa alilaaniwa. Mutahi alipofariki, itoka ikaanza kupungua. Leo mashina mawili, mwezi ujao matatu. Mahali pake pakaota majani ya ng'ombe ya Wambugu, na Anita akajikuta amebaki na kipande kisichotosha hata ng'ombe mmoja na watoto watatu.

Walioona mpaka ukipandwa wote walikuwa wameshazikwa, isipokuwa wawili. Mmoja ni Wambugu mwenyewe. Wa pili ni Tabby, aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa huko, akaombwa na mama mkwe wa Anita abebe miche kwenye kiondo. Bila neno la Tabby, Anita hana kitu.

Sasa Wambugu si mjinga. Alhamisi alimwendea mwenyekiti wa wazee, mzee Hezekiah, akiwa na ile picha ya Griffins kwenye simu. "Mzee," alisema, "huyu ndiye shahidi? Mtu wa kuona mashetani kwa kahawa? Si kesho atasema mpaka ulipandwa na irimu."

Hezekiah ni mtu wa haki, lakini pia ni mtu wa kupenda mambo yaishe. Alimfuata Tabby kwenye chumba cha mashine, akaketi kwenye mfuko wa nyuzi. "Mama Wachuka," akasema, "nisaidie nikusaidie. Useme tu ilikuwa ukungu. Ulikosea. Ni kitu kidogo. Tuendelee na maneno ya shamba."

"Nikisema macho yangu yalikosea Jumatatu," Tabby akajibu, "Wambugu ataniuliza yaliona aje miaka kumi na tisa iliyopita. Utamjibu nini, mzee?"

Hezekiah akakuna kidevu.

"Niliona kile niliona," Tabby akasema, akairudia mashine yake.

Alisema kwa ukali, lakini mzee alipoondoka alizima mashine. Kuna jambo hakuwa amemwambia mtu. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kuona watu kwenye kahawa, akiwa na umri kama wa Tabby sasa, na ndani ya miaka mitatu hakuwa anamjua hata mtoto wake wa kumzaa. Tangu Jumatatu Tabby alikuwa akijipima kimyakimya. Alihesabu majina ya wapwa zake. Alitamka tarehe kila akiamka. Aliogopa, na nasema aliogopa sana, mpaka chakula kikawa hakipiti. Mumewe Mwai, mrefu wa watu, mzee wa kanisa anayejulikana kwa upole, alikuwa akimtazama tu juu ya kikombe cha chai. Naye pia hakuwa anakula vizuri, lakini Tabby alidhani anamhurumia.

Jumamosi saa nne wazee sita walikaa kwenye viti vya plastiki uani kwa Anita. Anita alisimama karibu na jikoni, mikono ndani ya leso. Wambugu alianza kabla hata ya maombi kupoa.

"Kabla huyu mama aongee," alisema, "nataka wazee wamuulize kitu moja tu. Ile kitu aliona Jumatatu, aliona ama hakuona?"

Hezekiah akamgeukia Tabby. Macho yake yalikuwa yanamsihi. "Mama Wachuka?"

Tabby alisimama. Alimwangalia Anita, akawaza jinsi neno moja dogo la uongo lingeweza kurahisisha kila kitu, na jinsi ambavyo lingeharibu kila kitu. "Niliona," akasema. "Miguu miwili, mikono mirefu, vidole hakuna. Mnicheke, lakini niliona."

Wambugu akacheka kweli. Wazee wawili wakacheka naye. Ndipo kwenye benchi la nyuma Mwai akavua kofia, akainuka taratibu.

"Msimcheke bibi yangu," alisema. "Ni mimi. Ile kitu ni nyani. Amevaa sweta yangu."

Wazee wote wakageuza viti kumtazama. Halafu yote yakamtoka Mwai kwa pamoja, kichwa kikiwa chini. Nyani walikuwa wamemaliza ndizi zake za mtoni. Akakumbuka ujanja wa watu wa zamani: unamshika nyani mmoja, unamvisha nguo, unamwachilia. Wenzake wakimwona wanakimbia, yeye anawafuata kwa kuwa ni ndugu zake, wao wanazidi kukimbia, na kundi lote linahama ng'ambo. Alitega kwa ndizi mbivu, na ndizi hizo alikuwa amezilowesha kwenye muratina ili nyani alewe asimng'ate.

"Muratina?" akauliza Hezekiah. "Mwai, mzee wa kanisa, ulitoa wapi muratina?"

"Mzee, tumalize ya nyani kwanza," Mwai akaomba.

Kosa lake lilikuwa sweta. Alitumia ile ya kahawia aliyofumiwa na mkewe, na Mwai, kama nilivyosema, ni mrefu wa watu. Mikono ya sweta ikampita nyani na kuning'inia. Kila akijaribu kutembea kwa minne kama kawaida yake anakanyaga mikono anaanguka, basi akajifunza kutembea kwa miwili. Wenzake walikuwa wamemkataa, kwa hiyo hakwenda mbali.

"Mume lazima amtetee mkewe," Wambugu akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Hadithi tu."

"Saa hii atakuwa kwa ndizi," Mwai akajibu. "Si twende muone."

Wakaenda. Mwai mbele, wazee sita na bakora zao, Wambugu, Anita, na Tabby nyuma kabisa. Waliteremka mpaka karibu na mto, na pale, kati ya migomba, mchana kweupe, alikuwapo. Sweta imelowa matope imekuwa nyeusi tititi. Alikuwa amesimama wima, akijaribu kumenya ndizi kwa meno kwa kuwa mikono yake imefichwa na sufu. Aliwaona, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akapiga hatua tatu za kupepesuka kwa miguu miwili, kama mlevi anayetoka harusini. Mzee mmoja aliyekuwa amecheka akavua kofia bila kujua kwa nini.

Tabby alishika mgomba. Kwanza akacheka, halafu machozi yakaja yenyewe. Ni nyani! Nyani wa kawaida, mwenye njaa na baridi. Kichwa chake kilikuwa kizima. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akasikia njaa. Ndipo akamkumbuka mumewe.

"Baba Wachuka," alisema. "Siku tano."

"Najua."

"Siku tano nimedhani nimeshikwa na ugonjwa ya mama. Na wewe uko hapo unakunywa chai."

"Niliogopa."

"Uliogopa askari wa wanyama?"

"Askari kidogo," Mwai akasema. "Kanisa kiasi. Wewe ndiyo sana."

Tabby alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, akashindwa kuchagua, akampangusia tope begani. Hao askari wa wanyamapori walikuja Jumatatu, wakamlaza nyani kwa sindano, wakakata sweta kwa makasi, wakampa Mwai maneno ambayo sitayaandika. Kanisa nalo lilimpa yake. Lakini Jumamosi hiyo wazee walirudi kwanza kwenye shamba la Anita, na sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mama Wachuka," Hezekiah akasema, akifungua daftari, "tuonyeshe mpaka."

Tabby alisimama kwenye pembe ya jiko la Anita. Aliangalia ng'ambo, akaangalia chini, akaanza kutembea bila haraka. Aliingia kwenye majani ya ng'ombe ya Wambugu, hatua moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Akasimama. "Kiondo nilikiweka hapa," akasema. "Ya kwanza ilipandwa hapa, ya pili pale, zikaenda moja kwa moja mpaka kwa ule mteremko. Marehemu Mutahi alikuwa anachimba. Na wewe, Wambugu, ndiye ulikuwa unashindilia udongo na mguu."

Jembe likaletwa. Pigo la tatu likatoa kitunguu cha itoka, kimeoza nusu, na upande mwingine kikiwa na chipukizi jeupe lililokuwa bado linatafuta njia ya kutoka. Wakachimba pa pili, wakakuta kingine. Anita alijifunika uso kwa leso.

Hezekiah aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akainua uso, akafuata desturi, maana hata kwenye jambo lililo wazi desturi hufuatwa.

"Wambugu," akauliza, "uko na swali kwa shahidi?"

Wambugu aliangalia lile shimo. Akamwangalia Tabby, naye Tabby akamwangalia, kwa yale macho yake ya kupima, mara moja tu.

"Sina," akasema Wambugu.